Kosa la Tarakimu Moja: Wapiga Shabaha wa Mbali na Kipimo cha Baruti

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome kwanza maneno magumu yaliyo mwishoni, kisha wanafunzi wafuate kwa macho maneno haya kama yalivyosemwa.

  

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma mizani na kuandika vipimo kwa tarakimu. Baadhi yenu mliuliza hivi: "Mwalimu, ya nini kuhangaika na nukta hii ndogo? Arobaini na tano, au arobaini na tano na nusu, kuna tofauti gani?" Swali hilo ni zuri, maana kuuliza si ujinga. Leo nitawajibu kwa kuwapeleka mbali kidogo, kwa watu ambao nukta hiyo ndogo inaweza kuwanusuru macho yao, au kuwapofusha. Watu hao ni wapiga shabaha wa mbali wa Marekani, wanaojaza risasi zao kwa mikono yao wenyewe.

Lakini kabla sijaendelea natoa onyo. Somo hili halimfundishi mtu kutengeneza risasi nyumbani. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, bunduki na risasi ni vitu vya kibali cha serikali, na asiyekuwa na kibali hana ruhusa hata ya kuviweka. Nambari za baruti nitakazotaja leo nimezitunga za kufanyia hesabu tu. Hazifai bunduki yo yote. Tena, ukiokota risasi shambani au njiani, usiigonge, usiitupe motoni, wala usimpe mtoto aichezee. Iache pale pale, weka alama, ukawaambie polisi.

Haya, sasa tuanze.

MASHINDANO YA CREEDMOOR

Tarehe 26 Septemba, mwaka 1874, watu wengi walikusanyika mahali paitwapo Creedmoor, karibu na mji wa New York. Walikuja kuona mashindano ya shabaha kati ya Wamarekani na Wairishi. Kila upande ulikuwa na watu sita. Walipiga kutoka yadi 800, kisha yadi 900, kisha yadi 1,000. Yadi 1,000 ni karibu mita 914. Simama mlangoni pako, umtazame mtu aliye umbali huo: utamwona kama mdudu tu.

Wairishi walitumia bunduki za kujazwa kwa mdomo wa mtutu, Wamarekani walitumia bunduki za kujazwa kwa nyuma. Siku hizo bao kubwa kabisa kwa mpigo mmoja lilikuwa 4. Mashindano yalipokaribia kwisha, Wairishi walikuwa na mabao 931, na Wamarekani 930. Ulibaki mpigo mmoja tu, nao ulikuwa wa Mmarekani, Kanali John Bodine. Muda mfupi kabla ya hapo chupa ya kinywaji ilipasuka mkononi mwake, ikamkata. Alifunga mkono kwa kitambaa, akalala chini, akalenga, akapiga. Risasi iliingia katikati ya shabaha. Andikeni: 930 na 4 ni 934. Wamarekani walishinda kwa mabao matatu.

Lakini sikilizeni jambo la pili. Mapema siku hiyo, Mwirishi mmoja alipiga vizuri sana, risasi ikaingia katikati kabisa. Ila aliipiga shabaha isiyokuwa yake. Aliandikiwa sifuri. Kama angaliangalia nambari ya shabaha yake, angalipata 4. Sasa jumlisheni: 931 na 4 ni ngapi? Ni 935. Wairishi wangalishinda kwa bao moja. Basi mnaona? Mtu yule alikuwa fundi wa kulenga, lakini nambari ilimponyoka, na timu nzima ikashindwa.

Hasara ya siku ile ilikuwa mabao tu. Mpiga shabaha anayepima baruti, nambari ikimponyoka, hasara yake ni nyingine.

KIASI CHA BUNDUKI

Wazee wetu wa pwani walikuwa na jina zuri la kitu kile kinachotiwa ndani ya bunduki. Walikiita kiasi cha bunduki. Neno hilo ni lile lile la kiasi cha unga au kiasi cha chumvi, yaani kipimo. Walijua kwamba ndani yake mna baruti iliyopimwa. Nasi leo tutatumia neno hilo, ili tusichanganye kitu kizima na kipande chake.

Kiasi kimoja kina vipande vinne. Viandikeni.

Cha kwanza ni ganda. Ni kikopo chembamba cha shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, yaani shaba ya manjano, kinachobeba vyote vingine.

Cha pili ni fataki. Ni kifuniko kidogo kilichopachikwa katika kitako cha ganda. Kikigongwa hutoa cheche.

Cha tatu ni baruti. Baruti ya zamani ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi. Mwaka 1884 Mfaransa aitwaye Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa zaidi. Tangu hapo kupima kwa kukadiria kwa macho kumekuwa hatari kubwa.

Cha nne ni risasi yenyewe, kile kipande cha mbele kinachoruka.

Ukivuta kifyatulio, fataki hutoa cheche, baruti huwaka, gesi ya moto hujaa, nayo huisukuma risasi mtutuni. Baada ya hapo ganda tupu hubaki. Ganda zuri halitupwi. Linaweza kusafishwa, kurudishwa katika umbo lake, kutiwa fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya. Kazi hiyo ndiyo kujaza kwa mkono.

KWA NINI WAJAZE WENYEWE?

Mtu atauliza, "Si wanunue dukani?" Wengi hununua. Huko Bisley, Uingereza, ambako mashindano makubwa ya Waingereza yamefanyika tangu mwaka 1890, desturi ya mashindano mengi imekuwa kugawa viasi vya namna moja kwa wote, ili pasiwe na malalamiko. Lakini huko Camp Perry, katika jimbo la Ohio, ambako Wamarekani wamekuwa wakishindana tangu mwaka 1907, wapiga shabaha wa mbali wengi hujaza wenyewe. Sababu yao kubwa ni kutaka kila kiasi kifanane na mwenziwe.

Fikirini. Risasi moja ya shabaha ina uzito wa kama gramu 10. Hutoka mtutuni kwa mwendo wa kama futi 2,900 kwa sekunde moja. Hata hivyo, mpaka ifike yadi 1,000 imepita sekunde moja na nusu hivi, na kwa muda huo wote dunia inaivuta chini. Huanguka mita 9 hivi, kama kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Kwa hiyo mpiga shabaha hurekebisha kilengeo chake ili mtutu utazame juu, risasi ipande kidogo kisha ishuke katikati ya shabaha. Upepo nao, ukivuma kutoka ubavuni maili 10 kwa saa, huisukuma risasi kando kwa mita mbili na zaidi.

Duara ya bao kubwa katika shabaha ya Wamarekani ya yadi 1,000 ina upana wa inchi 20. Kutoka katikati hadi ukingoni ni inchi 10. Ikiwa kiasi kimoja kina baruti pungufu, na risasi yake ikatoka kwa mwendo mdogo kwa futi 50 tu kwa sekunde, risasi hiyo itaanguka zaidi ya inchi 10 chini ya wenzake. Mkono wa mpigaji haukutetemeka, jicho lake halikukosea, lakini bao limepotea. Kosa lilifanyika nyumbani, juu ya meza, siku nyingi kabla.

Ndiyo maana hupima kila kiasi. Na kipimo chao ni kidogo sana. Huitwa greini, maana yake punje, kwa kuwa asili yake ni punje ya nafaka. Ratli moja ina greini 7,000. Gramu moja ina greini 15 na zaidi kidogo. Tena hupima hata sehemu ya kumi ya greini. Hapo ndipo nukta yetu inapopata kazi.

NGUVU ILIYO MBELE YA USO

Sasa tuseme habari ya hatari. Wengi wenu mmeona mtu akijaza upepo katika gurudumu la gari dogo. Kipimo husoma kama ratli 30 kwa kila inchi mraba. Gurudumu likipasuka, mlio wake humshtua kila mtu barabarani.

Chama cha viwanda vya silaha vya Marekani kilichoundwa mwaka 1926, kiitwacho kwa kifupi SAAMI, huweka mipaka ya nguvu ya gesi kwa kila aina ya kiasi. Kwa kiasi kimoja kinachojulikana sana kwa wapiga shabaha, kilichoanza kuuzwa mwaka 1952, jina lake .308 Winchester, mpaka ni ratli 62,000 kwa kila inchi mraba. Gawanyeni 62,000 kwa 30. Mtapata zaidi ya 2,000. Yaani nguvu zaidi ya mara elfu mbili ya ile ya gurudumu, nayo imefungiwa ndani ya chuma kilicho shubiri moja tu mbele ya uso wa mtu.

Chuma hicho kimetengenezwa kuishinda nguvu hiyo. Lakini ukizidisha baruti, nguvu haiongezeki kwa kipimo kile kile cha baruti uliyoongeza. Hupanda upesi zaidi. Kidogo ulichoongeza mwishoni huleta nguvu nyingi kuliko kidogo ulichoongeza mwanzoni. Ni kama chungu cha maziwa: hutulia, hutulia, halafu ghafula hufurika. Nayo gesi ikikosa njia ya mbele hurudi nyuma, huvunja komeo, hupasua chemba, na vipande vya chuma huruka. Kwa sababu hiyo hakuna mpiga shabaha mwenye akili asiyevaa miwani ya kukinga macho.

WANAANZA CHINI

Basi, wafanyeje? Kanuni yao ya kwanza ni kusoma. Viwanda vya baruti na vya risasi hupiga baruti zao katika mitutu maalumu yenye vyombo vya kupimia nguvu, kisha huchapa vitabu. Katika kitabu utaona orodha: aina ya kiasi, uzito wa risasi, jina la baruti, kiasi cha kuanzia, na kiasi cha mwisho. Mtu hutafuta mstari unaolingana na vitu vyake kabisa. Hakisii. Haombi nambari kwa rafiki akaitumia bila kuitazama kitabuni, maana bunduki ya rafiki si bunduki yake.

Kanuni ya pili: anzia chini, panda polepole. Mwenda pole hajikwai. Tufanye hesabu, na nakumbusha tena kwamba nambari hizi ni za darasani tu. Kitabu kimesema mwisho ni greini 50. Wengi, kama kitabu hakikutaja kiasi cha kuanzia, hupunguza sehemu moja ya kumi. Sehemu ya kumi ya 50 ni 5. Toa 5 katika 50. Zinabaki 45. Hapo ndipo pa kuanzia. Hujaza viasi vichache vya 45.0, halafu vichache vya 45.5, halafu 46.0, na kuendelea. Kila kundi huwekwa peke yake na kuandikwa nambari yake.

Huko uwanjani hupiga kundi la chini kwanza. Baada ya kila mpigo hulitazama ganda. Je, komeo limekuwa gumu kufunguka? Je, uso wa fataki umebapa kabisa, au umetoboka? Je, kitako cha ganda kina alama mpya inayong'aa? Je, fataki imelegea mahali pake? Akiona hata dalili moja, anaacha hapo hapo, ingawa hajafika kiasi cha mwisho cha kitabu. Viasi vilivyobaki vya nambari za juu havipigwi. Hurudi nyumbani kufunguliwa kwa chombo chake.

Lakini asipoona dalili yo yote, je, aruke juu ya mwisho wa kitabu? Hasha. Dalili hizo huchelewa. Mara nyingine nguvu imekwisha kupita mpaka, na ganda bado linaonekana zima. Dalili humwambia mtu asimame. Hazimwambii hata siku moja kwamba aendelee.

Wala hawashuki chini ya kiasi cha kuanzia kwa kudhani kwamba kidogo zaidi ni salama zaidi. Baruti nyingine zikiwa chache mno huwaka ovyo, na risasi yaweza kukwama katikati ya mtutu.

Kanuni ya tatu: ukibadili kitu kimoja, rudi chini. Ukibadili fataki, au ganda, au risasi, au ukifungua kopo jipya la baruti lenye nambari nyingine ya toleo, kipimo cha zamani si chako tena. Anza upya. Hata jua ni badiliko. Kiasi kilichokuwa kizuri katika baridi huweza kuzidi nguvu katika joto kali. Kwa hiyo viasi haviachwi juani wala ndani ya gari lililofungwa, na kiasi hakikalishwi kwa muda mrefu katika chemba iliyopata moto.

MEZA YA KAZI

Twende sasa mezani. Mahali pake ni penye utulivu. Hapana sigara, hapana taa ya moto, hapana watoto, na hapana redio. Naam, hata mimi mwalimu wenu nafungiwa mdomo! Mtu anayesikiliza mambo mawili husahau moja.

Juu ya meza pana kopo moja tu la baruti. Makopo mengine yote yako kabatini. Kwa nini? Kwa sababu baruti za namna mbalimbali hufanana machoni kama chumvi na magadi, lakini tabia zake ni mbali. Baruti ya bastola huwaka upesi sana. Ya bunduki ya mbali huwaka polepole. Mtu akimimina ile ya upesi mahali pa ile ya polepole, kwa uzito ule ule, bunduki itavunjika. Na baruti iliyobaki hurudi katika kopo lake lenye jina lake, siku ile ile. Baruti isiyo na jina haitumiki kabisa, hata kama mwenyewe anasema, "Nakumbuka ni ile."

Mizani huwekwa mahali palipo sawa, mbali na upepo wa dirisha. Kwanza husoma sifuri. Kisha hujaribiwa kwa mawe ya mizani yanayojulikana uzito wake. Ninyi mnaouza pamba, kahawa au korosho mnajua jambo hili. Mzani usiojaribiwa unaweza kumdhulumu mkulima. Hapa unaweza kumpofusha mpimaji mwenyewe.

Maganda huchunguzwa moja moja. Lenye ufa hutupwa. Lililorefuka kupita kipimo hukatwa mdomo. Halafu maganda husimamishwa katika ubao wenye matundu, nayo baruti humiminwa. Zikiisha kumiminwa zote, mtu huchukua kurunzi na kumulika ndani ya kila ganda. Baruti ilingane kimo katika maganda yote. Moja likiwa limejaa zaidi, huenda limemiminiwa mara mbili. Moja likiwa tupu, limesahauliwa. Asipoangalia sasa, hataweza kuangalia tena, maana risasi ikiisha kupachikwa, mdomo umezibwa.

Mwisho hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa vumbi la risasi lina sumu.

Na lile ganda tupu lililosahauliwa, likipita, lafanya nini? Mtu akivuta kifyatulio husikia mlio mdogo, "pu!" Fataki peke yake imeisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu, ikakwama. Hapo wako watu wa namna mbili. Wa kwanza husema, "Aa, haikulia vizuri," akatia kiasi kingine haraka, akapiga. Risasi ya pili huikuta ya kwanza njiani, na mtutu hupasuka. Wa pili husimama, bunduki imeelekea upande wa shabaha, huingoja kidogo, huifungua, na kuuchunguza mtutu kabla ya jambo jingine lo lote. Haraka haraka haina baraka.

TARAKIMU ZILIZOGEUKA

Sasa turudi kwenye swali lenu. Andikeni 45.5. Andikeni chini yake 54.5. Zitazameni. Tarakimu ni zile zile: nne, tano na tano. Mtu aliyechoka usiku, akinakili kutoka kitabuni, aweza kuzigeuza. Katika mfano wetu mwisho ulikuwa 50. Nambari 54.5 imepita mwisho kwa greini 4.5. Je, greini 4.5 ni nyingi? Hazifiki hata theluthi moja ya gramu. Ukiziweka kiganjani na kupuliza, zimekwenda. Lakini ndani ya chuma kile ni hatari kubwa.

Ndiyo sababu wapiga shabaha wenye busara husoma nambari mara tatu: wanapoifungua kitabuni, wanapoiweka mizanini, na wanapoiandika katika daftari. Wengine huisoma kwa sauti, kama mnavyosoma ninyi darasani. Hawaoni haya. Nanyi msione haya.

MALI BILA DAFTARI

Methali yetu yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari lake mpiga shabaha huandika tarehe, aina ya ganda, aina ya fataki, jina la baruti na nambari ya toleo, kiasi cha baruti, uzito wa risasi, urefu wa kiasi kizima, hali ya hewa, na matokeo. Na kila kisanduku cha viasi hubandikwa karatasi yenye maelezo hayo. Kisanduku kisicho na karatasi hakipigwi.

Daftari hilo ndilo linalompa ushindi. Ana chombo cha kupimia mwendo wa risasi. Tuseme viasi vitano vya kundi la kwanza vilikwenda hivi, kwa futi kwa sekunde: 2,840, 2,845, 2,838, 2,842, 2,845. Kundi la pili, lenye baruti zaidi, lilikwenda hivi: 2,870, 2,905, 2,860, 2,915, 2,880. Lipi ni bora? Asiyejua hesabu atachagua la pili, kwa kuwa lina mbio zaidi. Lakini tazama tofauti kati ya kubwa na ndogo. Katika la kwanza, toa 2,838 katika 2,845: ni 7. Katika la pili, toa 2,860 katika 2,915: ni 55. Kundi la kwanza risasi zake ni ndugu. Kundi la pili ni wageni waliokutana sokoni. Mpiga shabaha wa yadi 1,000 huchagua la kwanza, tena hufurahi, maana lina nguvu ndogo na salama zaidi. Nguvu nyingi haileti shabaha nzuri. Ulingano ndio huileta.

NYUMBANI KWETU

Ndugu zangu, wengi wetu hatutashika bunduki maisha yetu yote, na ni heri. Lakini kila nyumba ina baruti yake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni baruti. Sumu ya kunyunyizia pamba ni baruti. Dawa ya mtoto mwenye homa ni baruti. Kila moja ina karatasi yake, na katika karatasi mna nambari.

Tuseme nyanya anampa mjukuu dawa. Chupani pameandikwa 2.5, yaani mililita mbili na nusu. Asiyeiona nukta husoma 25. Huo ni mara kumi zaidi. Nyanya huyo anampenda mjukuu wake kuliko roho yake, lakini upendo hausomi nambari. Ni jicho lililofundishwa linalosoma. Kama mjukuu mkubwa yuko karibu, amwambie kwa adabu, "Bibi, nipe nami niisome." Wakisoma wawili wakakubaliana, ndipo imiminwe. Wasipokubaliana, chupa ifungwe, waende zahanati kuuliza.

Basi chukueni kwa wapiga shabaha wale mambo manne, muyaandike kwa herufi kubwa: SOMA KARATASI. ANZA CHINI. PIMA KILA MARA. ANDIKA. Aliyesema nukta ni kitu kidogo, sasa ajibu mwenyewe.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Tutakutana tena katika somo lijalo. Msisahau kunoa kalamu.

MANENO MAGUMU

Chemba: chumba kidogo cha bunduki kinachokaa kiasi.
Fataki: kifuniko kidogo kinachotoa cheche kikigongwa.
Ganda: kikopo cha shaba kinachobeba baruti.
Greini: kipimo kidogo cha uzito, ratli moja ni greini 7,000.
Kalibu: chombo cha kurudishia kitu umbo lake, ganda husukumwa ndani ya kalibu.
Kiasi: kipimo; pia ganda, fataki, baruti na risasi vikiwa pamoja.
Komeo: chuma kinachofunga bunduki nyuma ya chemba.
Mtutu: bomba la bunduki linalopitisha risasi.
Toleo: baruti zote zilizotengenezwa pamoja kwa mara moja.

MASWALI

1. Wamarekani waliwashinda Wairishi kwa mabao mangapi mwaka 1874? Mwirishi aliyepiga shabaha isiyo yake aliwapotezea wenzake mabao mangapi?
2. Taja vipande vinne vya kiasi cha bunduki.
3. Kitabu kimesema mwisho ni 60. Punguza sehemu moja ya kumi. Utaanzia wapi? (Hesabu ya darasani tu.)
4. Kwa nini huwekwa kopo moja tu la baruti mezani?
5. Tafuta wastani wa mwendo wa kundi la kwanza na la kundi la pili. Jumlisha nambari tano, ugawanye kwa 5. (Majibu: 2,842 na 2,886.)
6. Leta darasani karatasi ya dawa yo yote iliyo nyumbani kwako. Isome kwa sauti mbele ya wenzako. Waonyeshe nambari zake, na kama ina nukta, waonyeshe ilipo.